Ukoo wa Chifu na Msiba wa Deo

Hili huwa silisimulii, na hata sasa masikio yananiwaka moto, lakini kwa kuwa mmenibana acheni niliseme lote, mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe nilishindwa kucheka.

Miaka hiyo nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye kiduka kimoja mtaa wa Al Muraqqabat hapa Dubai, fomu za viza, barua za kuomba kazi, na kazi za shule za watoto ambao wazazi wao hawana muda. Siku hiyo mama mmoja wa Kimarekani akaleta kazi ya bintiye, maisha na ukoo wa chifu mmoja wa kale wa Wapowhatan, wale wenyeji wa Marekani waliokuwepo kabla Wazungu hawajashuka na meli zao. Yeye alitaka tu ichapwe na mti wa ukoo uchorwe vizuri, basi. Mimi nikanogewa. Nikawa narudi na chifu wangu chumbani, nasoma kwenye simu habari za wake zake, mito aliyoitawala, na yule binti yake aliyeolewa na Mwingereza akaenda kufia ugenini.

Chumba nilikaa na Deo, Mluguru wa Matombo, fundi wa vioo vya maghorofa, yeye kitanda cha chini mimi cha juu. Jioni moja nikamsomea: "Sikia hii. Chifu akifa, mwanawe harithi. Wanarithi ndugu zake wa tumbo moja, halafu watoto wa dada zake."

Deo akasema, "Mbona kwetu ndivyo hivyo. Mimi hapa, watoto wa dada yangu..."

"Subiri kwanza nimalize," nikamkata. Akasubiri. Sikumrudia tena.

Sasa, huyu Deo kila Ijumaa alikuwa anapiga pasi shati lake, ananunua biskuti, anapanda basi kwenda mtaa wa Al Warqa. Nikawa namtania kwamba ana mchumba huko, naye anacheka tu (hakuwahi kukubali, hilo ningepaswa kuliona).

Akafariki ghafla kazini, moyo ulisimama. Kampuni ikaanza taratibu za kumsafirisha, na sisi tukapanga sala ya kumuaga kwa Mama Achieng, Mkenya anayekaa Discovery Gardens, maana sebule yake ingetutosha. Mama Achieng akanipigia: "Si wewe ndio wa kuandika? Tuandikie eulogy basi, yale maisha ya marehemu ya kusomwa, na upigie watu wa kwao uulize vizuri." Nikamwambia hilo niachie mimi. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu kupiga simu Matombo niliona uvivu, na tayari nilishajiona mtaalamu wa koo za watu, nikaandika yote kutoka kichwani.

Siku yenyewe nikasimama, nikakohoa kidogo kama mchungaji, nikasoma: "Marehemu hakuacha mtoto. Hapa Dubai hakuwa na ndugu wa damu, ndugu zake ni sisi. Ameacha mchumba wake wa Al Warqa, ambaye hatukubahatika kumjua."

Mlangoni alikuwa amekaa dada mmoja aliyeingia amechelewa, bado na sare ya kazi, analia kwa kujizuia. Aliyekaa karibu naye akamuuliza kwa kunong'ona anatoka wapi, akajibu Al Warqa. Basi. Akina mama wakamnyanyua, wakamleta mbele, wakamkalisha kwenye kochi, huyu anamwita shemeji, yule anamwita wifi, na mimi (Mungu anisamehe) nikaacha karatasi nikamwambia mbele za watu, "Shemeji, Deo alikupenda. Kila Ijumaa shati lake lilipigwa pasi kwa ajili yako."

Akaniangalia. "Kaka, mimi ni Sesilia. Deo ni kaka yangu, tumbo moja." Akaongeza taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi: "Na watoto ameacha. Kwetu watoto wangu ni wake, yeye ndiye aliyekuwa anawasomesha. Ijumaa alikuwa anakuja pale getini kwa madam wangu, ninakofanya kazi za ndani, nimsimulie habari zao huko nyumbani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ikabidi nimuulize palepale, wote wanasikia, mama yake na Deo anaitwa nani, na aliponitajia nikaandika huku nalia kama mtoto. Ukoo mzima wa mtu aliyekufa karne nne zilizopita nilikuwa nao kichwani, na wa mtu niliyemsikia akikoroma kila siku sikuwa nao.

Sesilia akasimama akasimulia maisha ya kaka yake mwenyewe, bila karatasi, akakatisha njiani kwa sababu dereva wa madam alikuwa anampigia honi huko chini. Nikamkimbilia mpaka kwenye lifti. "Dada, nisamehe."

"Si neno," akasema. "Alikuwa anakusifu. Aliniambia anakaa na msomi anayejua habari za watu."

Lifti ikajifunga.

Siku hizi chumbani akiletwa mwenzangu mpya, hata begi hajaweka chini, namuuliza mama yake anaitwa nani na dada zake wako wapi. Wa mwisho aliniona kichaa, na sikumlaumu. Ila akianza kunijibu, huwa naweka simu pembeni, na neno subiri nimeapa halitanitoka tena.