Baba na Sevisi ya Kompyuta

Baba yangu aliendesha malori ya chai karibu maisha yake yote ya kazi. Alikuwa anakusanya majani mabichi kutoka kwa wakulima na kuyapeleka kiwandani, na mpaka leo haamini mashine yoyote ambayo haikaguliwi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha lori alikuwa anachomoa kijiti cha oili, anakifuta kwa kitambaa, anakitumbukiza tena, kisha anakisogeza karibu na jicho kama mtu anayesoma maandishi ya dawa. Alipostaafu na goti likaanza kumsumbua, akahamia kwangu, Tukuyu mjini. Hawezi kushinda nyumbani peke yake akitazama ukungu, kwa hiyo akawa anakuja nami dukani.

Duka langu ni steshenari. Nina kompyuta moja ya mezani, printa ya rangi, mashine ya fotokopi, na rafu za madaftari na bahasha. Baba alichagua kiti cha pembeni ya kompyuta kwa sababu hapo pana joto kidogo. Kwa mji wetu wa mvua na sweta, hilo si jambo dogo, nami sikuona ubaya wowote.

Kisha diski ya kompyuta ikafa, na fundi akaja kutoka Mbeya kuibadilisha. Kazi yake aliifanya vizuri, sina la kumlaumu kwa hilo. Ila wakati anafunga mkoba wake akaniambia, "Dada, nimekuwekea na programu ya kuifanyia sevisi. Inafuta takataka, inatafuta draiva mpya, inaongeza kasi. Wewe unabonyeza tu." Nikamshukuru kwa moyo wote. Ningejua, ningemwambia aondoke nayo.

Asubuhi iliyofuata, pembeni ya skrini palikuwa na duara jekundu linalowaka na kuzima. Baba aliliona kabla sijavua koti.

"Mama," akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu utotoni, "hii taa nyekundu inasemaje?"

Ilikuwa Kiingereza. Nikamsomea kwa Kiswahili: madereva wako wamepitwa na wakati, hali ya kompyuta yako ni mbaya, chukua hatua sasa.

Baba akauliza kwa sauti ya mtu aliyeguswa pabaya, "Madereva gani waliopitwa na wakati?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Ikabidi nimweleze kwamba draiva ya kompyuta si mtu. Ni programu ndogo inayosimama kati ya kompyuta na kifaa kilichounganishwa nayo. Printa ina draiva yake, spika zina yake, kamera ina yake. Kompyuta haijui kuongea na printa moja kwa moja, kwa hiyo draiva inapeleka maneno.

"Basi huyo ni utingo," akasema. "Na utingo asiyejua kazi anaweza kukuangushia mzigo wote njiani."

Hapo nilipaswa kumwambia kwamba utingo wetu anajua kazi, printa inachapa, spika zinaongea, hakuna mzigo ulioanguka. Lakini nami nilikuwa na hofu kidogo, kwa sababu kompyuta ilikuwa nzito kuwaka. Nikabonyeza. Ile programu ikapita ndani ya kompyuta kwa mbwembwe nyingi, namba zikipanda, ikatangaza mamia ya makosa. Nikaiambia isafishe. Ikasafisha yale ya bure, mengine ikasema nilipie. Nikaizima mashine, nikaiwasha, nikaipima tena. Mamia ya makosa. Nilikuwa nimetoka kuifagia muda huohuo! Ni sawa na kudeki sebule, ugeuke, umkute mtu amesimama mlangoni anakuonyesha matope, na matope yenyewe ni ya viatu vyake.

Maana nilikuja kugundua kwamba sehemu ya uzito wa kompyuta ilikuwa ni ile programu yenyewe. Ilikuwa inaamka pamoja na mashine, inajipa kazi, inachungulia kila faili. Nikiwa naandika barua ya mteja, inatokea mbele ya maandishi yangu kunikumbusha kwamba niko hatarini. Nikiifunga, inauliza kama kweli nataka kuishi na hatari hiyo. Nilitaka kuiondoa, lakini baba alikataa kabisa.

"Gari linapelekwa sevisi likiwa zima," akasema. "Ukingoja liharibike, hiyo siyo sevisi tena, hayo ni matengenezo."

"Baba, kompyuta siyo gari. Haina oili."

"Mbona ina feni?"

Tukakubaliana kwamba itabaki, ila yeye asiiguse. Akakubali, uso ukiwa umegeukia barabarani.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa ya mvua, ile ya kwetu isiyo na haraka ya kwenda popote. Asubuhi, pikipiki ya kukodi ikasimama mbele ya duka, akashuka mwanamke wa makamo aliyejifunga khanga mbili juu ya koti, akiwa na mjomba wake. Walikuwa wametoka Nkunga. Mama yake alikuwa amefariki, na mazishi yalikuwa siku hiyohiyo saa nane mchana. Walitaka ratiba ya ibada, yenye picha ya marehemu kwenye jalada.

Nikampa pole, nikamkaribisha kwenye benchi. Picha ilikuwa kwenye simu yake: bibi kizee amekaa kwenye kigoda mbele ya migomba, kitambaa cheupe kichwani, anacheka na kitu kilicho nje ya picha. "Hii ndiyo picha pekee aliyokubali kupigwa," yule mwanamke akaniambia. "Alikuwa anasema uso wake unajulikana, hauhitaji ushahidi."

Nikaandika ratiba huku akinitajia nyimbo na majina. Nikachapa nakala ya jaribio kwenye karatasi ya kawaida ikatoka safi. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akasema, "Ndiye." Zikabaki karatasi ngumu za jalada, ambazo zilikuwa zimeniishia. Nikafunika kichwa kwa mfuko wa nailoni, nikavuka barabara kwenda kuzinunua kwa jirani, mfanyabiashara wa Kiislamu anayeuza vitambaa na karatasi humohumo. Sikukawia.

Niliporudi, kompyuta ilikuwa inajizima na kujiwasha.

"Umeme umekatika?" nikauliza.

"Hapana," baba akasema, amekaa wima kama abiria. "Ile taa nyekundu iliwaka tena. Nikaona kazi iliyo mbele ni nzito, na watu hawa wana haraka. Nikabonyeza pale pa kijani ili iwe na nguvu."

Nilitaka kumfokea, lakini wageni walikuwapo. Nikaweka karatasi, nikatuma jalada kwenye printa.

Karatasi ya kwanza ilitoka na mstari mmoja wa alama zisizosomeka katika lugha yoyote. Ya pili vilevile. Printa ikaendelea kutema karatasi ngumu, moja baada ya nyingine, kila moja na uchafu wake juu, mpaka nikachomoa waya. Nikajaribu tena. Safari hii picha ilitoka. Uso wa yule bibi ulikuwa wa kijani, umekatwakatwa kwa michirizi ya zambarau, na kicheko chake kilikuwa kimegeuka kitu ambacho sitaki kukieleza.

Nilitaka kuificha. Mwanamke alikuwa ameshanyanyuka, ameshaiona. Alirudi kwenye benchi, akavuta khanga mpaka puani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mjomba akatoka akasimama kibarazani mvuani.

Nimewahi kukasirika katika maisha yangu, lakini kukasirikia kitu ambacho huwezi hata kukizaba kofi ni adhabu ya peke yake. Ile programu ilikuwa imetoa draiva ya printa yangu iliyokuwa inafanya kazi bila kosa, ikaweka ya printa nyingine inayofanana nayo jina. Juu ya skrini iliandika kwa furaha kwamba sasa kompyuta yangu iko katika hali bora. Nikatafuta mahali pa kurudisha ile ya zamani. Palikuwapo. Nikabonyeza, ikaniambia huduma ya kurudisha ni kwa wateja waliolipia. Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe. Kitufe cha kurudi nyuma kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Basi nikasema niende kwenye tovuti ya watengenezaji wa printa nichukue draiva halali. Mtandao haukuwapo. Katika kuipa mashine nguvu, baba alikuwa amebadilishiwa hata draiva ya mtandao.

"Baba," nikasema taratibu, maana ningesema kwa sauti ningelia, "naomba usiniongeleshe."

Akainuka na goti lake, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na yule mwanamke. Akamwamkua kwa Kinyakyusa. Nilikuwa nimewapa mgongo, nahangaika na simu yangu kuitafuta ile draiva, mvua ikiuvuruga mtandao, lakini nilikuwa nawasikia. Alimuuliza nyumbani kwao ni upande gani wa Nkunga. Mwanamke akamwelekeza. Baba akauliza kama ni ile nyumba iliyo juu ya kona, palipokuwa na kituo cha kupimia majani ya chai.

"Ndiyo hapohapo, baba," akajibu.

"Basi mama yako namjua. Alikuwa anapanda juu ya tela mwenyewe kuhakikisha majani yake hayamwagwi. Siku moja lori lilikwama kwenye matope, akaniambia mimi siyo dereva, mimi ni abiria niliyeshika usukani."

Nikasikia sauti ambayo sikuitegemea. Yule mwanamke alikuwa anacheka, huku bado analia. "Ndiye," akasema. "Huyo ndiye kabisa."

Draiva ilifika kwenye simu kwa kusuasua, ikakwama, nikaanza upya. Ilipokamilika nikaihamisha kwa waya mpaka kwenye kompyuta, nikaing'oa ile ya uongo, nikaiweka ya kweli. Nilichapa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida. Uso ukatoka wa kahawia, kitambaa cheupe, kicheko mahali pake. Nikachapa zilizobaki mpaka karatasi zikaisha. Zilikuwa pungufu ya walizoagiza, kwa sababu nyingine zilishaharibika. Nikazikunja zote mwenyewe, nikazifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni, mjomba akaziingiza ndani ya koti lake.

"Ndaga fijo," yule mwanamke akamwambia baba, akimshukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akanigeukia, akanipa mkono. Nilitaka kumwomba radhi vizuri, lakini pikipiki ilikuwa inanguruma, nikabaki kusema pole, pole dada, mpaka wakapotelea kwenye ukungu.

Baadaye dereva wa ile pikipiki aliniambia kwamba walikuta ibada imeanza, ratiba zikagawiwa wimbo wa kwanza ukiwa umeshaimbwa. Hakuna aliyelalamika. Lakini mimi nimeendelea kuliwaza lile jalada la kijani, na ukweli kwamba mtu alimwona mama yake hivyo siku ya kumzika, kwa ajili ya kutengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Jioni ileile niliiondoa programu. Iliniuliza kama nina uhakika. Ikaniuliza tena kwa maneno mengine. Ikaniomba nieleze sababu, ikanipunguzia bei, ikanionya. Nikampigia fundi, nikamweleza yote. Akasikiliza, akasema, "Pole dada. Unajua, ungelipia lile toleo kamili lisingekusumbua." Nikakata simu kabla sijasema la kunifedhehesha.

Tangu hapo wateja wakiniuliza kama waweke programu za namna hiyo, nawaambia hapana. Kompyuta inajiletea yenyewe masasisho yake mengi. Kifaa kikigoma kweli, nenda kwa aliyekitengeneza uchukue draiva ya kifaa hicho tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuponya kamera ya mwalimu mmoja wa Isongole kwa njia hiyo, kwa hiyo sisemi draiva hazina maana. Nasema anayekuambia zote ni mbovu kwa mpigo anataka kitu kwako. Wengi wananisikiliza, wanaitikia, kisha wanakwenda kuziweka.

Baba hakuniomba radhi kwa maneno. Siku chache baadaye aliniomba bisibisi, akafungua ubavu wa kompyuta mchana kweupe ikiwa imezimwa, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Likatoka vumbi la kutosha kupandia mchicha. Feni ikanyamaza, na mashine ikawa nyepesi kuliko ilivyowahi kuwa, jambo ambalo amelitaja kila siku tangu hapo.

Lakini bado hajaridhika. Juzi alikuwa anaitazama skrini, mikono ameikunja ndani ya sweta.

"Siku hizi haisemi kitu," akalalamika. "Utajuaje kama inaumwa?"

"Itaacha kufanya kazi, baba."

"Ndiyo hapo sasa. Utakuwa umechelewa."

Nikaenda kumhudumia mtu aliyetaka bahasha.