Nabwire na Maji ya Wagonjwa

Ukilazwa hospitalini, hata ujifiche wodi gani, Nabwire wa Ziwani atakupata. Ni mwenyekiti wa kina mama wa kanisa wanaotembelea wagonjwa, na kiti hicho amekikalia tangu mwanawe Griffins akiwa chekechea. Uchaguzi hufanywa kila mwaka kwa heshima zote, mshindi akiwa anajulikana kabla ya sala ya kufungua. Mumewe, Makokha, alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu. Nyumbani yeye huongoza kwa kunyamaza, na Nabwire huongoza yaliyobaki.

Kina mama hao wana utaratibu wao. Kwenda mikono mitupu ni aibu, na matunda yamepanda bei, kwa hiyo kila mmoja hubeba chupa ya maji aliyoyachemsha mwenyewe. Mgonjwa hana budi kunywa kikombe cha kila mgeni, mbele ya macho ya mgeni huyo, kabla ya sala ya kufunga. Ukinywa cha huyu ukaacha cha yule, umezua kesi itakayosemwa mpaka Pasaka. Nabwire hufundisha kwamba maji husafisha mwili, na elimu hiyo aliipata mahali ambapo hajawahi kututajia. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyedhurika, au kama yupo, hakurudi kulalamika.

Kisha Makokha akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Nabwire aliingia wodini kama mtu anayehamia. Presha ya mumewe alikuwa ameishughulikia zamani: chumvi aliifukuza jikoni, na kidonge cha presha, kile cha kumpeleka mtu msalani kila mara, alikisimamia mpaka kimezwe. Sasa akakionja chakula cha hospitali, akasikia chumvi, akakikataa kwa niaba ya mgonjwa. Akaleta uji wake, na maji. Mchana walikuja kina mama wa Ziwani na chupa zao, jioni wakaja wale wa mtaa wa Baba Dogo, ambao hawangekubali kushindwa. Makokha, ambaye katika ndoa yake hakujifunza kukataa kitu, alikunywa vyote.

Homa ikashuka. Nabwire akachukua sifa, akawabakishia madaktari kidogo. Lakini Makokha akaanza kulalamikia kichwa, kisha kichefuchefu, na kila alipolalamika aliongezewa kikombe. Mchana mmoja, katikati ya wimbo, aliinua mkono akawaamuru kina mama wasogee nyuma kwa sababu treni ya Kisumu inaingia. Walicheka. Hawakucheka alipomgeukia mkewe na kumuuliza, kwa adabu kabisa, yeye ni abiria wa wapi.

Hapo wataalamu wakapata kazi. Katibu wao, Nangila, alisema ni mizimu ya kwao mzee, Busia. Mwingine alisema ni wivu wa majirani, kana kwamba kuna jirani wa kuionea wivu nyumba ya vyumba viwili yenye paa linalovuja. Kwenye dawa walikubaliana bila kura: maji yaombewe, mzee anywe.

Daktari wa wodi, Falis, binti mwembamba ambaye Nabwire alimwita mtoto tangu siku ya kwanza, akaja na majibu ya damu. Alieleza polepole. Chumvi ya damu ya mzee imeshuka mno. Ule ugonjwa wa mapafu huufanya mwili ung'ang'anie maji, kidonge cha presha kinatoa chumvi kwenye mkojo, na vile vikombe vyote vimeizimua damu mpaka ubongo unavimba. Ikishuka zaidi, anaweza kushikwa na degedege na asiamke.

"Basi mpeni chumvi," Nabwire alisema.

"Tukiipandisha haraka, mama, tutauharibu ubongo wenyewe. Kidonge nimekisimamisha. Maji tutampimia sisi, na mtu mwingine asimpe hata funda."

"Atanijua tena?"

"Natumaini. Siwezi kukuahidi."

Nabwire hakumwita mtoto tena. Alizitazama chupa zilizojipanga kando ya kitanda, nyingi zikiwa zake, na akaogopa. Hakuogopa mizimu wala majirani. Aliogopa kwamba amemnywesha mume wake mpaka amempoteza, na kwamba alifanya hivyo akiimba.

Kesho yake kina mama walifika kama kawaida. Nangila, aliyekuwa amesikia neno chumvi na kuona linatosha, alibeba pakiti nzima ya kukoroga kwenye maji. Walimkuta mwenyekiti wao amesimama mlangoni.

"Mama Griffins, si mlisema ako chini na chumvi?" Nangila alishangaa. "Kwani sisi tumekuwa watu baki?"

"Rudini nayo yote," Nabwire alisema. "Chumvi na maji."

Walirudi nayo, lakini si kabla ya kufanya mkutano wa dharura kwenye ngazi. Kufikia jioni Ziwani ilikuwa na habari kwamba ugonjwa wa Makokha umempanda mkewe pia.

Wao hawakuona kilichofuata. Makokha alikuwa na kiu. Midomo ilimkauka, akamwita Nabwire "sista" kama muuguzi wa wodi, akamwomba maji kwa upole, akamwomba tena. Nabwire, aliyenywesha nusu ya mitaa ya Eastlands, alikaa amekunja mikono, akakataa. Makokha akamwambia kwamba mke wake ni mama mwema, na kama angekuwa hapa angempa. Alilisema hilo kutwa nzima, siku baada ya siku. Nabwire aliitikia kwamba ni kweli, kisha akatoka nje kwenye korido, akalia.

Asubuhi moja Makokha aliamka, akakitazama kikombe kitupu kando yake, kisha akamtazama Nabwire. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira ambayo Nabwire hakuwahi kuiona tangu waoane.

"Mama Griffins," alisema, "wewe ndiye wa kuninyima mimi maji?"

"Ni mimi," Nabwire alisema, machozi yakimtiririka. "Na nitakunyima tena."

Makokha akamgeuzia mgongo. Nabwire akakaa akiutazama mgongo ule kwa furaha, mpaka daktari akaja.