Nyumba ya Dorcas, Jina la Garland

Dorcas Pardy alizaliwa Kettle, akaolewa Ragged, ghuba mbili za kisiwa cha Newfoundland zinazotazamana na kununiana. Miaka arobaini alisimangwa na pande zote: huku mgeni, kule msaliti. Ragged ilipohamwa ikabaki na moshi wa jiko lake tu, akaamua kurudi kwao, tena na nyumba yake. Nyumba ya mbao si mzigo wa kuachwa. Bahari ikiganda, huvutwa kwa kamba juu ya barafu.

Machi ile barafu ilishaanza kulainika. Waliohama Ragged walirudi wakashika kamba ya kushoto, wa Kettle wakashika ya kulia. Garland Pike, mwenye sauti tamu na kiburi kuishinda sauti, akawaimbisha: "Vuta, mke wa nahodha, umlete nyumbani!" Walipofika katikati ya maji nyumba ikagoma. Inageuka kushoto, inageuka kulia, haiendi. Chini yake barafu ikaanza kulia. Dorcas aliingiwa na hofu hasa. Humo alizaa watoto watano, humo mumewe alikata roho. Leo izame anaiona?

Akatega sikio beti mbili, akaelewa, maana ndiye pekee aliyeishi kote kuwili. Wa Ragged walivuta kwenye neno "vuta", wa Kettle kwenye "nyumbani", kila mtu na mafunzo ya babu yake, na nani angekubali kufuata ya wenziwe? Akamwambia Garland.

"Shangazi," Garland akasema, "wimbo wa kamba haupikwi jikoni."

"Haya. Basi huo wa babu zenu tuuweke kando. Nyote mtavuta kwenye jina moja tu."

Akasimama kizingitini, akatunga papo hapo, nao wavutaji wakaitikia:

"Nani pipani mwa samaki alitumbukia?"

"Garland!"

"Nani kaposa mara nne, wote wamkimbia?"

"Garland!"

Wallahi, hakuna mwanamume wa ghuba yoyote aliyekubali kupitwa na jina lile. Walivuta pamoja wakicheka mpaka machozi, na ubeti wa kumi na moja nyumba ikapanda nchi kavu ya Kettle. Garland alinuna wiki nzima.

Siku hizi wimbo huo unavutiwa nyavu na mashua na wa Kettle na waliohama Ragged vilevile. Watoto wanadhani Garland alikuwa nahodha shujaa, na anayewaambia hivyo ni Garland mwenyewe. Dorcas humsikia dirishani, akamwachia. Ukimuuliza nani aliyeutunga, atakujibu kwamba yeye alitaka nyumba yake tu, na karibu ndani, chai ipo.