Mmasai wa Mlangoni

Hoteli yetu pale Kitengela ilitaka Mmasai wa kusimama mlangoni, ikanipata mimi, Mmaragoli wa Uluhyani. Mimi nilisomea kazi ya mapokezi, lakini nafasi iliyokuwapo ilikuwa ya kubeba mizigo ya wageni, na mbeba mizigo alivaa shuka nyekundu na shanga. Meneja wetu, tuliyemwita Madam, aliniambia nivumilie. Mapokezi wakipungukiwa nitapewa shati na kiti. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikavaa. Kila asubuhi niliichukia ile shuka.

Siku Madam aliponiambia nafasi ya mapokezi iko karibu, alishuka mzee mmoja wa Kimasai kutoka Rombo ya Kajiado, amekuja harusini.

"Ero, sopa," akanisalimu.

"Epa," nikajibu. Kimasai changu kiliishia hapo. Nikamnyooshea mkono, mkono ukabaki hewani. Kwao kijana humwinamishia mzee kichwa, mzee akamgusa utosini.

Akaniuliza jambo refu kwa Kimasai. Sikuambulia neno. Akinishtaki, kiti changu kimeenda.

"Mzee, nisamehe. Mimi ni Mluhya, natoka Vihiga. Hii nguo ni ya kazi tu."

"Hata kama ni ya kazi," akasema, "mtu akivaa hii nguo, kichwa inainama."

Nikainama. Kiganja chake kilikuwa kizito na chenye joto. Sikuwa nimeguswa hivyo tangu baba afariki, na machozi yalinilenga mbele za watu, nikaona haya.

Madam aliona yote. Aliona pia wageni wakitupiga picha kwa simu.

"Kuanzia leo, kila mgeni msalimie hivyo," akaniambia. "Mambo ya reception wachana nayo. Wewe ni wa hapa mlangoni."

Kesho yake ikaja familia moja, baba, mama na watoto, wakizungumza Kimaragoli. Moyo ulinidunda kwa furaha, salamu ikanijia mdomoni. Lakini Madam alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikainamisha kichwa.

Yule mama akanigusa utosini, akicheka kwa aibu kidogo. Kisha akamwambia mumewe, kwa lugha aliyonilea nayo mama yangu, kwamba Wamasai hawa wamelelewa, si kama vijana wetu waliosahau kwao.

Nikabeba sanduku lao, nikatangulia ngazini wasinione uso.