Kichupa Nilichokihifadhi Kabatini

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa darasa la pili, naye akaacha kufikiria mambo yake akanisomesha kwa jembe la mpunga kule Namawala. Leo mimi ni karani wa shule hapa Ifakara, nina nyumba Viwanja Sitini, na yeye bado analima.

Mwaka juzi, wakati wa kupura mpunga, kapi lilimrukia jicho la kulia. Alilisugua kwa kanga, akalinawa kwa maji ya ndoo, akaendelea na kazi. Siku ya tatu alipanda bodaboda akaja kwangu. Jicho lilikuwa jekundu, limevimba, linatiririka machozi.

"Twende hospitali," nilimwambia, lakini nilisema nikiwa natafuta viatu vyangu vya kazini.

"Foleni yote ile? Wewe huna dawa?"

Nilikuwa nayo. Mwaka uliotangulia macho yangu yaliniwasha, nikaandikiwa dawa ya matone iliyonituliza ndani ya siku mbili tu, nami nikakihifadhi kichupa kilichobaki kabatini. Nilikisoma juujuu. Tarehe ya kuharibika ilikuwa bado mbali, na hilo likanitosha. Sikujua kwamba kichupa kikishafunguliwa hakitakiwi kukaa zaidi ya wiki chache. Sikunawa hata mikono. Nilimwinamisha kichwa nyuma, nikamdondoshea matone matatu manne, ncha ya kichupa ikigusa kope zake, nikakimbilia kazini.

Jioni alinipokea akicheka. Wekundu ulikuwa umepungua. "Mdogo wangu, wewe ni daktari!" Nakumbuka nilivyojisikia vizuri. Miaka yote ile yeye ndiye alikuwa akinihangaikia, na sasa nilikuwa nimempa kitu. Nikaendelea kumtia kwa siku tano.

Siku ya sita alisema kuna ukungu. Nilimpeleka mlangoni penye mwanga, nikaona kidoa cheupe kama punje ya mchele juu ya kiini cheusi cha jicho.

Hospitalini tulimkuta muuguzi wa macho, mama wa makamo. Tulimwamkia, akamkalisha dada kwenye mashine, akachungulia muda mrefu. Kisha akaniuliza mimi:

"Mmeshatia dawa yoyote?"

"Hapana, mama. Hatujatia kitu."

Sijui kwa nini nilisema vile. Ninajua, niliona aibu. Dada aligeuza kichwa akanitazama kwa lile jicho zima, halafu akatazama chini. Alininyamazia ili nisiaibike mbele ya mgeni, huku jicho likiwa lake.

Tulirudi nyumbani na dawa aliyotuandikia. Usiku ule sikulala, na asubuhi nilirudi naye hospitalini, kichupa mfukoni. Yule mama alikigeuzageuza mkononi. Nilitegemea anigombeze. Akavuta kiti.

"Dawa hii inaondoa wekundu," alisema. "Jicho lililochubuliwa na mpunga mara nyingi linaingiwa na fangasi. Ukilitia hii, unaona limepoa, kumbe fangasi wanazidi kula chini kwa chini. Ungeniambia jana, ningebadilisha dawa jana."

Dada akalazwa. Yule mama alinifundisha upya kitu nilichodhani nakijua. Nawa mikono kwa sabuni. Vuta kope ya chini iwe kama kifuko. Dondosha tone moja tu humo, bila ncha kugusa popote. Mgonjwa afumbe taratibu, asipepese, nawe ubonyeze kidogo kona ya jicho karibu na pua. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika tano. Mchana, kila saa, nilikuwa kando ya kitanda chake nikifanya hivyo, na kila tone lilipoingia sawasawa nilizidi kuumia, kwa sababu halikuwa jambo gumu.

"Dada, nisamehe," nilimwambia siku moja, amefumba.

"Usiongee, utakosea kuhesabu dakika."

Jicho halikung'olewa, tukashukuru kwa hilo. Lakini kovu lilibaki. Kwa upande ule anaona mwanga na kivuli cha mtu akipita, basi. Sasa akimimina chai, nyingine inaangukia mezani. Shambani amewaachia wengine kazi ya kupura, yeye anapepeta, tena amevaa miwani niliyomnunulia, ambayo anasema inamfanya aonekane fundi wa kuchomelea vyuma.

Mavuno yaliyopita nilikwenda kumsaidia. Jirani mmoja mwanamke alilalamika kuwa kapi limemwingia jichoni. Dada akanishika mkono mbele ya watu wote. "Muulizeni huyu mdogo wangu," alisema. "Jicho langu lilikuwa linaoza, yeye ndiye aliyeliokoa."

Wote walinigeukia. Nilimwambia yule jirani asilisugue, asitie kitu chochote, aende hospitali siku ile ile, na nikamtafutia bodaboda mwenyewe. Hayo niliyasema. Lile jingine, la kichupa changu, sikulisema, na dada alikuwa bado amenishika mkono.