Kaka yangu na msemo wa Kichina wa kurudi nyumbani na hariri

Wakuu, heshima kwenu.

Nimeona uzi wa misemo ya Kichina kuhusu mavazi, watu wanacheka. Mimi nimeshindwa kucheka. Hii iliipata familia yetu, na siongezi chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa nauza mitumba soko la Kibuye. Kaka yangu Omondi alikuwa anaishi mtaa wa Nyalenda, kibarua kwa Wachina fulani waliokuwa na kazi ya ujenzi hapa Kisumu. Mama alikuwa peke yake nyumbani, upande wa Maseno.

Omondi alikuwa ameacha kwenda kumwona. Kwenye matanga ya mjomba alifika na koti lililombana, mikono mifupi, mabinamu wakamcheka mbele ya watu. "Huyu ndiye wa town?" Aliondoka hata kabla ya mazishi.

(Mnaojua sisi Wajaluo tunavyopenda kuvaa vizuri mnaelewa.)

Pale site alikuwa na rafiki, fundi wa umeme, Bwana Chen. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota. Siku moja aliliona lile koti, akamfundisha msemo wa kwao: ukivuta kola, viwiko vinatokea. Yaani maisha yamekubana, unafunika huku, kule kunafunuka.

Omondi alicheka sana.

Halafu akamfundisha mwingine, yi jin huan xiang. Kurudi kwenu umevaa hariri, yaani umefanikiwa. Huo ulimwingia kabisa.

Kila nikimwambia Mama anakuulizia, jibu ni moja: "Dada, nitarudi na hariri."

Nilimchagulia koti safi kwenye bale yangu. Akalisukuma. "Kafa Ulaya, nguo ya marehemu wa Kizungu? Mimi nataka suti ya kushonwa."

Mimi nilikuwa naenda nyumbani mara moja moja. Mama alikuwa akilalamika macho. "Ni moshi wa jikoni tu," anasema. Nikampelekea dawa ya matone ya dukani, nikaona nimemaliza.

Ikapita Krismasi. Ikapita nyingine.

Hatimaye suti ikaisha kushonwa. Ya kijivu, na kizibao ndani. Bwana Chen mwenyewe ndiye alimfunga tai. Tukaenda pamoja, mimi na Omondi. Majirani walitoka nje kumwona. Mabinamu wakampisha njia. Kaka alikuwa anatembea kama mbunge.

Mama alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua mahindi. Akainua uso.

"Nani huyo?"

Omondi alidhani ni mzaha. Akasimama mbele yake, akafunga kifungo cha koti. "Mama, ni mimi. Niangalie."

Mama akanyoosha mkono. Ukapita hewani, ndio ukampata begani. Akashika kitambaa, akakipapasa polepole.

"Omondi, nyathina, mwanangu. Nguo ni nzito. Ni ya rangi gani?"

Wakuu, kaka yangu aliketi chini kwenye vumbi na suti yake.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Ingegunduliwa mapema wangeizuia, sasa imeshaharibu. Omondi akamuuliza daktari, "Na kama ningemleta Krismasi ile ya kwanza?" Daktari akasema huenda.

Nikamuuliza Mama mbona hakusema kwamba haoni. Akanijibu, "Uliniambia anatafuta nguo. Nikaona nisimharakishe."

Hayo maneno mpaka leo yananikata.

Bwana Chen alipoambiwa aliomba msamaha, kana kwamba ni yeye. Lakini msemo haukuwa na kosa. Omondi aliacha kazi, akarudi nyumbani, akawa anamshika Mama mkono kwenda kanisani mpaka Mama alipofariki. Hakumlaumu mtu, ila alipunguza kucheka.

Nilichojifunza: mzazi hangoji nguo. Kama unaahirisha safari ya kwenu kwa sababu ya aibu, nenda hivyo hivyo ulivyo. Na mzazi akilalamika macho, mpeleke apimwe.

Kuna mtu hapa aliwahi kuchelewa namna hii? Aliishi nayo vipi? Mniandikie hapa chini. Omondi sasa ni mzee, na nitamsomea majibu yenu.