Leso Isiyokatwa

Mimi ni mkusanyaji wa leso, hizi ambazo wengine huziita kanga. Si muuzaji wala si fundi. Ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kwale, na nyumbani nina kabati limejaa leso ambazo sizivai wala simwazimi mtu. Majirani huniambia nimefungua duka lisilo na mteja. Mume wangu aliuliza zamani, akachoka, na sasa akipita karibu na kabati lile anatazama ukuta. Wacha atazame. Kuna watu hukusanya maneno ya wenzao, na hao hakuna anayewacheka.

Basi ujumbe ulipoingia katika kundi letu la simu kwamba kutakuwa na maonyesho ya leso za kale katika hoteli moja ya Diani, nilifurahi kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya Idi. Nilichagua leso za kubadilishana, nikazikunja vizuri. Mwisho nikaitoa na ile doti yangu yenye nakshi ya korosho nyekundu, iliyochapwa kabla sijazaliwa, ambayo niliipata Kombani kwa mama mmoja aliyekuwa akiifungia mzigo wa viazi. Hiyo sikuichukua ili niitoe. Niliichukua ili watu waione roho ziwaume. Sisemi uongo, ndivyo tulivyo sisi wakusanyaji.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya kutetemesha. Meza zimepangwa, na juu ya meza leso zimo ndani ya mifuko ya plastiki inayong'aa. Walikuwapo watu wa Mombasa, watu wa Nairobi, na Wazungu wanaoishi huku Diani, ambao ndio waliofanya mpango. Mlangoni nilipewa glavu nyeupe nisije nikazichafua leso kwa mikono yangu. Leso, jamani. Kitu ambacho mama yangu alinifungia mgongoni nikakikojolea. Nilizitia glavu mkobani, nikaingia na mikono yangu niliyopewa na Mungu.

Tena wana madaraja yao. Leso iliyokwisha kukatwa ikapindwa ikavaliwa wanaiita "iliyotumika", kama tairi. Iliyofuliwa ikapauka inashuka chini zaidi. Wanachokitafuta wao, kinachowatoa mate, ni doti nzima: vipande vyote viwili vikiwa vingali pamoja kama vilivyotoka kiwandani, havijaguswa na mkasi wala sindano wala maji. Mimi nami nazipenda hizo, siwezi kujitakasa. Lakini siku ile nilipoziona zimejaa meza moja baada ya nyingine, kuukuu na hazijakatwa, kuna kitu kilianza kunitekenya moyoni. Mwanamke gani wa pwani ananunua leso akaiweka miaka yote hiyo bila kuikata? Leso ikinunuliwa leo, kesho iko kwa fundi, keshokutwa iko kiunoni.

Jibu nilikuwa nalo. Sikutaka tu kulitazama.

Nikafika kwenye meza ya bwana mmoja wa kutoka bara, mpole, shati limenyooka kwa pasi. Aliponiona nimesimama akatabasamu.

"Karibu mama. Hii hapa ndiyo daraja la kwanza kabisa. Haijakatwa, haijapindwa, haijaona maji. Ina kasoro ndogo sana pembeni, lakini haionekani."

Ilikuwa doti ya zambarau, mji wake, ile sehemu ya katikati, mweupe, na mananasi yamezunguka pindo lote. Nilimwomba aifungue. Akaitandaza kwa glavu zake, nikakitafuta kile kipembe cha chini upande wa kushoto. Kasoro ilikuwa pale: kitobo kidogo cha kuungua, kimezibwa kwa uzi wa kijani kibichi usiofanana na kitu chochote katika leso ile.

Uzi ule niliutunga mimi sindanoni. Ulikuwa wa kijani kwa sababu ndio uliokuwapo.

Leso ile ni ya mama mkubwa wangu, dada yake mama, anayekaa Msambweni. Ilikuwa chini kabisa ya sanduku lake. Kila mwaka ukikaribia mwezi wa Ramadhani huniita, tunaitoa, tunaishika huku na huku juu ya chetezo, tunaifukiza udi, tunairudisha. Mwaka mmoja cheche iliruka ikaitoboa, akaziba hapo hapo huku akinigombeza mimi kana kwamba ndimi niliyeruka. Na kila mwaka husema maneno yale yale: "Hii ndiyo nitakayotoka nayo."

Wanawake wa kwetu wataelewa, na asiyeelewa namweleza. Mama mtu mzima hujiwekea leso ya safari yake ya mwisho. Haikati, haivai, haimpi mtu. Siku ikifika ndipo inakatwa. Kipande kimoja anafunikwa nacho anapooshwa, macho ya watu yasimfikie. Kipande cha pili kinatoka na wanaume, na kule makaburini wanakitandaza juu ya kaburi wakati anateremshwa. Ni stara yake. Mwanamke aliyejistiri maisha yake yote anataka kujistiri na siku ile, basi. Hilo si jambo kubwa la kumwomba mtu.

Nilizungusha macho katika ukumbi ule, meza kwa meza, zile doti zote nzima zinazong'aa ndani ya plastiki, nikajua nilichokuwa nikikitazama tangu asubuhi.  Hawa watu walikuwa wanashindana kununua stara za mabibi zetu.

"Umeitoa wapi?" nilimwuliza.

"Nimenunua, mama. Kwa njia safi. Aliyeniletea alisema ni ya nyumbani kwao, mwenyewe haivai."

"Haivai kwa sababu hajafa."

Yule bwana alidhani namtania, akacheka kidogo. Nilipomweleza aliacha kucheka, na haki yake nimpe, uso ulimbadilika. Lakini leso hakunipa. Alisema yeye hajui mambo ya watu na masanduku yao, amenunua kwa mwenye nyumba, na anipe kwa lipi wakati hana hata uhakika kama nasema kweli. Nilimwonyesha uzi wa kijani. Akasema uzi si jina la mtu. Watu walianza kugeuka kututazama, na mama mmoja wa Kizungu akaja akaniomba kwa adabu nipunguze sauti. Nikampunguzia. Kwa hasira niliyokuwa nayo, ile sauti ndogo ilikuwa mbaya kuliko ile kubwa.

"Mwenyewe yu hai," nilimwambia yule bwana. "Moyo wake umechoka, daktari amesema tumweke karibu. Akiniuliza leso yake iko wapi nimwambie iko Diani, katika plastiki?"

Akaikunja ile doti, akairudisha katika plastiki. Kisha macho yake yakateremka kwenye mkoba wangu, ambako korosho nyekundu ilikuwa imechungulia.

"Ile tungeweza kubadilishana," alisema.

 Nilijua ananinyonga, naye alijua kwamba najua. Nilisimama pale nikiitazama doti yangu, ile niliyoichukua kuwatia watu wivu, na nikasema wazi moyoni: inaniuma, inaniuma, inaniuma. Kisha nikaitoa nikaiweka mezani. Akaipokea kwa glavu. Nikakwapua leso ya mama mkubwa nikaitoa katika plastiki yake pale pale, sikumwambia hata asante, nikatoka nje kwenye joto.

Njia nzima ya kwenda Msambweni nilikuwa nikimsema mtu mmoja tu. Aliyeiuza sikuhitaji kumtafuta. Mama mkubwa ana mwana mmoja, kaka yangu huyo, dalali wa viwanja, mtu wa maneno matamu na ahadi nyingi. Ndiye anayekaa naye nyumba moja, na ndiye anayejua ufunguo wa sanduku unalala wapi.

Nilimkuta barazani anachezea simu. Simu mpya.

"Kaka, njoo ndani," nilimwambia. Sikumwamkia, na katika nyumba ile hilo peke yake ni matusi.

"Kuna nini?"

Nikamtandazia leso miguuni. Aliitazama, akanitazama, akaanza kusugua kidevu.

"Nilikuwa na dharura," alisema. "Na wewe usifanye mambo kuwa makubwa. Mamangu ana leso mpaka za kugawa. Hii haivai, hakuikata hata siku moja. Nilidhani haina kazi."

"Ulidhani haina kazi."

"Mimi ni mwanamume, nitajuaje habari za leso?"

Hapo ndipo nilipopandwa kweli. Kwa sababu nilimwamini. Mtu mzima wa miaka ile, amezaliwa katika nyumba ile, amefukiziwa na udi ule ule, na hakuwahi kujiuliza mama yake anaweka nini chini ya sanduku na kwa nini. Angekuwa mwizi anayejua anachoiba ningemwelewa. Huyu aliona kitu kimetunzwa sana, akafahamu kwamba hakitakiwi. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimwita majina. Nilimwambia kama angejua bei ya kila kitu ndani ya nyumba ile basi na mama yake angeshamtafutia mteja.

"Nyinyi wawili," sauti ilitoka chumbani. "Njooni hapa."

Mama mkubwa alikuwa ameegemea mito kitandani, amekonda, pumzi zinakuja kwa zamu. Nilimshika mkono nikaubusu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia yote. Mimi mgonjwa wa moyo, si wa masikio. Lete."

Nikampa leso. Aliifunua polepole, akakigusa kile kitobo, akaipeleka puani. Uso ukamkunjamana.

"Inanuka dawa ya mende."

"Wameiweka na naftalini, mama mkubwa. Tutaifukiza upya."

"Hao walioichukua waliitakia nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia wako watu wanaozitafuta leso kuukuu, na wanazozitaka zaidi ni zile ambazo hazijakatwa, na wanazipitia nyumba kwa nyumba kupitia kwa watu kama huyu aliyesimama mlangoni. Hakuniuliza kama nami ni mmoja wao. Alinijua.

"Wakiikuta imekatwa?"

"Hawaitaki."

"Basi leta mkasi."

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia mama mkubwa, subira, mambo haya yana wakati wake, tuiweke kwangu, kwangu kuna kabati la kufungwa. Akanitazama kwa jicho lile alilokuwa akinitazamia nilipokuwa mdogo nikikataa kula.

"Kwako, kwake, kwangu, ikiwa nzima itatembea. Kata, mwanangu. Nataka nilale nikijua iko."

Sijapata kukata doti kuukuu maishani mwangu. Mtu wa mambo haya anajua ninachosema. Niliikunja katikati nikautafuta mstari, na mkasi ulipoingia ile sauti yake niliisikia mpaka kwenye meno. Vikawa vipande viwili. Ile thamani yote ya ukumbi wa Diani ilikwisha pale, juu ya shuka ya mgonjwa.

Mama mkubwa akachukua kipande kimoja akanipa. "Hiki cha kuniosha. Utakuwa wewe, usimwachie mtu mwingine."

Nikasema nimesikia. 

Akachukua cha pili, akamnyooshea mwanawe.

Kaka hakusogea. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia, mama mkubwa, huyu? Huyu aliyekuuza ungali hai? Kipande hicho apewe mtu yeyote, apewe imamu, apewe jirani, apewe mume wangu.  Nilikuwa nimetoa leso yangu ninayoipenda kuliko zote ili ile irudi, na sisi wanawake hatuendi makaburini. Nitaishia mlangoni. Atakayesimama pale na ile leso mikononi, atakayeona imetandazwa juu ya mama mkubwa wangu, ni huyu aliyeitia katika mfuko akaipeleka Diani.

"Nina mwingine?" aliniuliza mama mkubwa.

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kukumbushwa, pengine amesahau mwana mahali.  Hana mwingine. Atakayeshuka kaburini kumpokea ni yule yule, na hakuna nilichoweza kufanya juu ya hilo siku ile, wala sina ninachoweza kufanya leo.

Kaka alikuja akakipokea kile kipande kwa mikono miwili. Alitaka kusema neno, mama yake akamwashiria asiseme. Akabaki amekishikilia kifuani, na nyuzi za ukingo uliokatwa zilikuwa zimeanza kutoka, zinamwangukia juu ya shati.

Nilivumilia kuzitazama nikashindwa. Nikamnyang'anya, nikaenda nikakaa kwenye kiti cha dirishani, nikatafuta sindano. Sijamsamehe. Lakini mama mkubwa hawezi kuzikwa chini ya leso inayofumuka. Nikaanza na pindo la kipande chake, halafu changu.